Shwari ya Mei 1999, Tufani ya Mei 2024

Jumamosi ile tulifika shambani saa moja na nusu asubuhi, umande bado umelala juu ya mkonge. Masika yalikuwa yametupa nafasi kwa mara ya kwanza baada ya siku nne za mvua. Kazi yenyewe haikuwa kubwa: kupima bikoni kumi na nne, yaani alama za zege za mpaka, kuzunguka kipande cha shamba upande wa Pangani. Lakini mpaka ule ulikuwa na ugomvi wa miaka mingi. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwapo, na wazee wa pande mbili walikuwa wamekaa chini ya mwembe mmoja, kila mmoja akimpa mwenzake mgongo. Kwa mashine ya setilaiti, kazi kama hiyo huisha kabla ya adhuhuri.

Besi, kipokezi kinachokaa mahali pamoja, nilikuwa nimeisimamisha alfajiri juu ya alama ninayoiamini, kilomita sita kutoka pale, nikamwacha mlinzi. Rova, kipokezi cha kutembea nacho, alikuwa nayo kijana wangu, ameishika wima kwa mikono miwili juu ya bikoni ya kwanza, kiputo cha hewa ndani ya kioo cha pima kimetulia katikati. Nikatazama skrini. Floti.

Kwa wasio wa kazi hii: mashine inapokuambia fiksi, maana yake imehakikisha hesabu yake na unaweza kuamini sentimita moja au mbili. Ikisema floti, inakisia. Tukasubiri. Setilaiti zilikuwa zaidi ya ishirini, anga wazi, hakuna mti wala ukuta wa kuzuia. Fiksi ikaja, ikakaa sekunde tatu, ikapotea. Ikaja tena, nikabonyeza kuhifadhi. Nikampa kijana ishara ainue fimbo na kuirudisha palepale, tupime mara ya pili. Bikoni ileile, zege lilelile, msumari uleule: vipimo viwili vikatofautiana kwa sentimita thelathini na nane.

Nikarudia. Safari hii sentimita hamsini, na upande mwingine kabisa.

Mzee mmoja akanyanyuka pale chini ya mwembe, akaja taratibu akiwa na bakora yake, akaitazama rova kuanzia chini mpaka juu. Akaniuliza, kwa upole, "Mwanangu, hiyo mashine imelipwa na nani?"

Nilifunga kazi. Niliwaambia mbele ya mwenyekiti kwamba leo sipimi, kwa sababu sitaki kuweka mpaka nisiouamini mwenyewe. Wazee wakaondoka bila kusema neno, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile walikuwa na jambo moja wanalokubaliana, nalo ni kwamba kuna kitu kimefichwa.

Ilikuwa tarehe 11 Mei 2024. Usiku uliotangulia watu wa Ulaya na Marekani walikuwa nje wakipiga picha mbingu ya waridi na zambarau. Nilikuwa nimeziona picha za Ulaya kwenye simu kabla ya kulala, nikasema kweli Mungu ni fundi, nikazima taa. Haikunijia hata kidogo kwamba kilichokuwa kinapaka rangi anga la watu ndicho kitakachonifedhehesha asubuhi mbele ya wazee wawili wa Pangani.

Tangu siku ile nimesoma sana juu ya upepo wa jua, na ninataka kuuandika kwa lugha ya huku kwetu, kwa sababu pwani tunao msamiati wa upepo wa kutosha.

Nyumbani kwetu upepo una majina. Kuna kaskazi na kusi, kuna matlai, kuna umande unaotoka nchi kavu alfajiri na kumsukuma mvuvi nje. Kuna tangambili, pale misimu inapobadilishana. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi, akipeleka nazi na mbao Unguja. Nilimjua akiwa mzee, haendi tena baharini, lakini kila asubuhi alitoka barazani, akalowesha kidole, akakiinua. Kitu alichokiogopa si dhoruba. "Upepo ukizidi unapunguza tanga," alikuwa akisema. "Ukikata, umekwisha kuwa mali ya mkondo." Safari moja wakirudi kutoka Mkokotoni upepo ulikata katikati ya maji. Bahari kama kioo, tanga limelala juu ya foromali, mabaharia wamekaa. Huko chini mkondo wa pwani yetu, usiochoka kwenda kaskazini, ukawachukua. Walipoiona nchi kavu tena walikuwa wanatazamana na Vanga, nchi ya Kenya.

Basi, jua nalo linavuma. Tabaka lake la nje, korona, lina joto la zaidi ya nyuzi milioni moja, na kitu chenye joto la namna hiyo hakishikiki hata kwa uvutano wa jua lenyewe. Kinatoka, kila upande, usiku na mchana: protoni na elektroni, na kiasi cha heliamu, vikiwa vimebeba usumaku wa jua. Eugene Parker wa Chuo Kikuu cha Chicago ndiye aliyeandika hesabu yake mwaka 1958. Wahakiki wawili waliikataa makala yake, na mhariri, Subrahmanyan Chandrasekhar, ambaye mwenyewe hakupendezwa na hitimisho lake, aliichapisha kwa kuwa hakuona kosa kwenye hesabu. Miaka minne baadaye chombo Mariner 2, kikiwa njiani kwenda Zuhura, kilipigwa na upepo huo safari nzima. Ninampenda sana mhariri yule. Hakukubaliana na jambo, lakini hakulizuia.

Siku ya kawaida upepo huu ukifika hapa una chembe tano hivi katika kila sentimita moja ya ujazo, na unakwenda kilomita 400 hivi kwa sekunde. Safari ya kutoka kwenye jua huuchukua siku nne. Ni mwembamba kuliko ombwe la kawaida la kwenye chupa za maabara, lakini unatosha kuusukuma uga wa sumaku wa dunia na kuuminya upande wa mchana, na upande wa usiku kuuvuta uwe mkia mrefu unaopita mwezi. Mbele ya uga huo kuna wimbi la mshtuko, kama lile linalofanywa na omo la chombo kikikata maji. Kwa hiyo dunia yetu ni jahazi lililotia nanga, na maji ndiyo yanayokwenda.

Usiku wa Ijumaa ile, maji yalikwenda kweli. Wiki nzima kundi la madoa lenye namba 13664 lilikuwa linapita mbele ya uso wa jua, upana wake mara kumi na tano hivi ya dunia, na lilikuwa limetupa mawingu kadhaa ya chembe na sumaku, moja nyuma ya jingine. Yale ya nyuma yalikuwa na kasi kuliko ya mbele. Yakafikiana njiani, yakabanana. Ijumaa yenyewe, saa nne kasoro dakika sita asubuhi kwa saa zetu, mlipuko mwingine wa daraja la X, la juu kabisa, ulipiga upande wa dunia uliokuwa mchana, yaani sisi. Mwanga wake wa eksirei ulifika kwa dakika nane tu, na mlipuko wa namna hiyo huyameza mawimbi ya redio ya masafa mafupi upande wote wenye jua, yale ambayo marubani bado huyatumia wakivuka Bahari ya Hindi.

Wingu lenyewe lilitugonga saa mbili na dakika tano usiku. Mimi nilikuwa jikoni nikikuna nazi. Vyombo vilivyowekwa kilomita milioni moja na nusu kutoka hapa kuelekea kwenye jua, ACE na DSCOVR, vilikuwa vimeuonja upepo huo kabla yetu: ulianza na kasi ya karibu kilomita 700 kwa sekunde, na baadaye ukakaribia 1,000. Kibaya zaidi, sumaku yake ilikuwa imeelekea kusini. Hili ni jambo la kulielewa, kwa sababu linazidi hata kasi kwa umuhimu. Mistari ya sumaku ya dunia, huko mbele inakokutana na upepo, inaelekea kaskazini. Upepo ukija na sumaku ya upande uleule, unapita kando. Ukija na ya kinyume, mistari inaungana, na mlango uliokuwa umefungwa unafunguka. Usiku ule ulikuwa wazi kwa saa nyingi. Kituo cha hali ya hewa ya anga cha Marekani kiliipa dhoruba daraja la tano, la juu kabisa, ambalo halikuwa limefikiwa tangu Oktoba 2003.

Sasa, kwa nini Pangani? Tumezoea kusikia kwamba haya ni mambo ya watu wa kwenye barafu, kwamba sisi wa ikweta tuko mbali na mlango. Hapa ndipo nilipokosea kwa miaka yote niliyoshika mashine hii, na nadhani wenzangu wengi wa kazi wanakosea hapohapo.

Juu ya vichwa vyetu, kuanzia kilomita mia moja hivi kwenda juu, kuna tabaka la hewa lililopasuliwa na mwanga wa jua likawa na elektroni huru. Ndilo ionosfia. Ikweta ya sumaku si ile ya ramani: katika upande wetu wa Afrika inapita Ethiopia. Kila mchana, juu ya mstari ule, umeme wa asili unaoelekea mashariki unashirikiana na sumaku kuzipandisha elektroni kama maji ya chemchemi. Zikifika juu zinateleza kufuata mistari ya sumaku, nusu kaskazini, nusu kusini, na kurundikana kwenye matuta mawili, kila moja nyuzi kumi na tano hivi kutoka mstari wenyewe. Chukua ramani, hesabu kutoka Ethiopia kuja kusini. Tuta la kusini linaangukia kwetu: Malindi, Tanga, Unguja, Dar es Salaam. Tunaishi chini ya mojawapo ya sehemu nzito kuliko zote za ionosfia ya dunia.

Ishara ya setilaiti inatoka umbali wa kilomita elfu ishirini, na ikipita kwenye tuta hilo inachelewa. Siku ya kawaida kuchelewa huko kunatia kosa la mita kadhaa, na mchana wa jua lililochangamka linaweza kuvuka mita kumi. Mashine zetu zinalijua hilo. Ujanja wote wa besi na rova ni kwamba zote mbili zinatazama kupitia anga moja, kwa hiyo kosa la huku linafutwa na kosa la kule. Dhoruba inapoingia, umeme wa kwenye ncha za dunia unapenya mpaka ikweta kwa dakika chache. Chemchemi inafura au inageuzwa. Matuta yanahama, yanapasuka, yanafanya mawimbi. Hapo besi inatazama kupitia anga moja na rova kupitia anga nyingine, kilomita sita tu kati yao. Mashine haina njia ya kulijua hilo. Inakupa namba, na namba inaonekana nzuri.

Kumbe wakulima wa Marekani walikuwa na fedheha yao wakati huohuo. Ulikuwa msimu wa kupanda mahindi, na matrekta yanayojiongoza kwa setilaiti yalipoteza mstari. Wengi walisimamisha kazi, kama mimi.

Jumapili yake, tarehe 12, intaneti ikakatika. Si kwetu tu: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, Msumbiji. Iliporudi kwa kusuasua, kila kundi la WhatsApp nililomo lilikuwa na sauti ileile ya mtu asiyejitaja akieleza kwamba jua limeunguza waya wa baharini. Mama akanipigia simu kuniuliza kama ni kweli. Alikuwa ameunganisha yote: kimbunga Hidaya kilichotupiga tarehe 4, mafuriko ya masika yale, sasa intaneti. "Na wewe mashine yako," akaongeza.

Nilimjibu kwa utulivu, na ninalirudia hapa kwa sababu bado ninalisikia. Nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Kilichokatika ni waya, kwa maana ya kukatika kweli. Ndani ya waya ule ujumbe unasafiri kwa mwanga kwenye uzi wa kioo, na kioo hakina habari na sumaku. Kinachoweza kuguswa na dhoruba ya jua ni shaba inayopeleka umeme kwenye vikuza-mwanga vilivyopangwa njia nzima chini ya bahari. Hilo wahandisi wanalijua na wanalitazama, hasa kwa nyaya za karibu na ncha za dunia. Kimbunga kilizaliwa na joto la bahari, na mvua zile zilikuwa na sababu zake hapahapa duniani. Mashine yangu, ndiyo. Hiyo ilikuwa jua. "Kwa hiyo moja kati ya manne," mama akasema. Nikamwambia ndiyo mama, moja kati ya manne, na akaridhika.

Nilipokuwa ninasoma juu ya tarehe ile ndipo nikakutana na jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya niandike.

Tarehe 10 na 11 Mei 1999, miaka ishirini na mitano kamili kabla ya usiku ule, upepo wa jua ulikata.

Haukupungua kidogo. Chembe zilishuka mpaka asilimia mbili ya kiasi cha kawaida, na kasi ikashuka mpaka nusu hivi. ACE na Wind, vyombo vya kuhesabu chembe za upepo huo, vilipata karibu na hakuna kitu, na jambo hilo likaendelea kwa zaidi ya siku nzima. Mimi nilikuwa darasa la tano. Babu alikuwa hai, na ninajua kwamba asubuhi zile mbili alitoka barazani, akalowesha kidole, akakiinua, kwa sababu hakuacha hata siku moja.

Shinikizo lilipoondoka, uga wa sumaku wa dunia ulipumua. Ulitanuka mara tano hadi sita kwa ukubwa. Lile wimbi la mshtuko la mbele, ambalo kwa kawaida hukaa mahali pa kama robo ya njia ya kwenda mwezini, lilisogea mpaka karibu na njia ya mwezi. Hakuna aliyekuwa amelipima mbali namna ile kabla ya siku hiyo.

Mtu angetegemea kwamba siku upepo unapokata, dunia inapumzika. Na kweli sindano za sumaku zilitulia. Lakini juu ya ncha ya kaskazini chombo kiitwacho Polar kiliona kitu kingine: eksirei, zikiwaka juu ya kofia nzima ya ncha. Siku za kawaida elektroni zenye nguvu zinazotoka moja kwa moja kwenye korona zinagongwa, zinatawanywa, zinapotezwa na msongamano wa njiani. Siku ile njia ilikuwa tupu. Zikafuata mistari ya sumaku kutoka kwenye jua mpaka kwenye ncha ya dunia, na kunyesha. Wanasayansi wanaiita mvua ya ncha. Keith Ogilvie na Jack Scudder walikuwa miongoni mwa waliolieleza tukio lile, na maelezo hayo niliyasoma usiku, nikafunga simu, nikakaa gizani kwa muda. Upepo umekata, lakini kilichokuwa kimefichwa na upepo ndiyo kwanza kinaonekana. Nilimuwaza babu na mkondo wake wa kwenda Vanga.

Ilitokea tena siku ya Krismasi mwaka 2022. Upepo ulikaribia kutoweka kwa saa ishirini na nane. Mara hii kulikuwa na kamera ya kutazama anga zima pale Longyearbyen, katika visiwa vya Svalbard, na Keisuke Hosokawa wa Japani na wenzake walionyesha kilichonaswa: mianga ya ncha isiyo na mapazia wala mikunjo, kijani laini kilichotandazwa juu ya kofia nzima ya dunia kama shuka. Mvua ileile ya ncha, safari hii imeonekana kutoka chini. Upepo wa kasi ulikuwa umeukumba ule wa polepole uliokuwa mbele yake, ukaufagia, na nyuma yake likabaki pengo. Pengo hilo likaendelea na safari, na siku moja baadaye likaifikia Mirihi, ambako chombo MAVEN kilikuwa kikizunguka. Huko wingi wa chembe ulishuka mara mia, na Mirihi isiyo na uga wa sumaku kama wetu ikavimba hewa yake yenye umeme maelfu ya kilomita, zaidi ya mara tatu ya kawaida.

Na kuna tukio la tatu, la tarehe 24 Aprili 2023, ambalo mtu wa ngalawa atalielewa upesi kuliko mtu wa chuo. Ngalawa ikikata maji kwa kasi kuliko mawimbi yanavyoweza kukimbia, mbele yake maji yanajikunja. Ikienda polepole kuliko mawimbi, maji yanapewa habari mapema, yanapisha, na mbele hakuna kitu. Siku ile wingu la jua lilikuja na sumaku yenye nguvu lakini chembe chache sana, hata upepo ukawa mzito kwa sumaku na mwepesi kwa mwili. Ukawa unakwenda polepole kuliko mawimbi yake yenyewe. Wimbi la mshtuko la dunia likatoweka kwa saa mbili hivi. Mkia nao ukaacha kuwa mkia, ukafunguka kuwa mbawa mbili, moja upande wa alfajiri, moja upande wa magharibi ya jua. Vyombo vinne vya MMS, vya kuchunguza uga wa sumaku wa dunia, vilikuwa palepale, vikapima.

Habari za jua tunazoletewa ni za tufani tu, kila mara na picha ya moto mwekundu na neno la kutisha. Mimi ninaona matukio haya ya shwari yanastahili nafasi kubwa zaidi kuliko yanavyopata. Tufani inakuonyesha nguvu ya jua. Shwari inakuonyesha jinsi kila kitu hapa kilivyojengwa kwa kuegemea upepo: umbo la ngao yetu, urefu wa mkia wake, mahali chembe zinapoingilia. Ondoa upepo kwa siku moja, na umbo zima linabadilika. Jahazi likikosa upepo ndipo baharia anapojua mkondo unakwenda wapi.

Tulirudi shambani Jumatatu na totali stesheni, mashine ya kupima pembe na umbali kwa mwale wa mwanga na prizma. Haina habari na setilaiti wala ionosfia. Inachotaka ni kuonana: nyuma alama moja, mbele alama nyingine, hatua kwa hatua. Tulifyeka magugu ili mwale upite. Kazi ya asubuhi moja ikawa ya siku mbili, vijana wakachomwa na miiba ya mkonge mpaka viganjani. Jumanne jioni tulipofunga mzunguko na kurudi kwenye alama tuliyoanzia, tofauti ilikuwa sentimita mbili.

Mzee wa bakora alikuwepo siku zote mbili. Kwenye bikoni ya tisa nilimwomba aje. Nikashusha miguu ya mashine kidogo, yeye si mrefu, nikamwonyesha pa kuweka jicho. Alikaa pale muda mrefu. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kwenye bakora lakini kichwa hakikutikisika.

"Naliona zege," akasema. "Naona na msumari."

"Huo ndio mpaka, baba."

"Na ile ya juzi ilikuwa inaona nini?"

Nikamweleza. Jua, upepo wake, tuta la anga lililo juu ya Tanga. Nilitegemea anicheke au anitazame kwa shaka. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: kama upepo huo unaweza kujulikana kabla haujafika. Nikamwambia unajulikana. Wingu likitoka kwenye jua linaonekana, na tunapata siku moja hadi tatu; namna sumaku yake ilivyoelekea tunaijua dakika thelathini hivi kabla, kutoka kwa vile vyombo vya mbali. "Basi ulipaswa kujua," akasema. Alisema bila ukali, kama mtu anayemwambia nahodha kijana kwamba mawingu yalikuwepo.

Nilipaswa kujua. Tahadhari ya dhoruba kubwa ilikuwa imetolewa kabla ya Ijumaa usiku. Siku hizi kila jioni kabla ya kazi ninatazama taarifa ya kile kituo cha Marekani, kilicho Boulder, Colorado, na ile ya kituo cha Hermanus, Afrika Kusini, ambacho tangu Novemba 2022 kinafanya kazi usiku na mchana na kinatazama anga la bara letu. Ni suala la dakika mbili. Nimewaambia wapimaji wenzangu wa Tanga, na wale wa Muheza na Korogwe, na baadhi wameanza. Ninatamani siku taarifa ya hali ya hewa ya redio itakapotaja na upepo huu, kwa Kiswahili, baada ya kutaja kusi na urefu wa mawimbi, kwa sababu marubani, wapimaji na watu wa meli wote wanazitegemea ishara zilezile za setilaiti. Kaskazini yetu, Malindi, kipokezi cha kudumu kinapima anga hili. Habari ipo. Haijafika shambani tu.

Tarehe 10 Oktoba 2024 jioni ikaja nyingine, ya daraja la nne. Safari hii tulikuwa tumeiona inatoka. Asubuhi ya tarehe 11 tulikuwa na viwanja sita vya kupima kandokando ya barabara ya Pangani, na vijana wakapakia totali stesheni na prizma bila kuambiwa mara mbili. Yule aliyeshika rova siku ile ya Mei ndiye anayeandika kitabu cha uwandani sasa. Zamani mstari wa juu tuliandika tarehe, mahali na hali ya hewa. Nilikichukua kusaini, nikakuta ameandika kwa mwandiko wake wa herufi kubwa: BARABARA YA PANGANI. MATLAI NYEPESI, MAWINGU MACHACHE. JUA LINAVUMA KUSINI.